Jina la Bangi na Lawama kwa Waswahili

Katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza, mjini Bujumbura, Kiswahili kimesemwa tangu enzi za ukoloni. Hata hivyo, katika Kirundi neno Umuswahili mara nyingi humaanisha mtu mjanja au mwongo. Penye dharau ya namna hiyo, ni rahisi mtu kudhani kwamba bangi nayo ililetwa bara na misafara ya pwani, kwa kuwa jina hilo ni la Kiswahili. Sisi walimu wa lugha yatupasa kuipima dhana hiyo kwa ushahidi wa maneno.

Mbangi asili yake ni Asia. Ni mmea wa mwaka mmoja, lakini ukiota mahali pa wazi, penye jua, maji na rutuba, huweza kupita urefu wa meta 3, na shina lake likawa gumu kama la mti mdogo. Usiku mrefu ndio unaouamsha kuchanua. Karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, mbegu za nchi za baridi huchanua mapema zingali fupi. Zilizozoea nchi za joto hukawia, nazo hurefuka. Bujumbura iko nyuzi 3 na kitu tu kusini ya ikweta. Basi mbangi mrefu wa kwetu ni uzao wa mbegu iliyozoea jua la namna hii, kama ile ya Bara Hindi.

Jina nalo lilitoka huko. Katika Kisanskriti huitwa bhanga, katika Kiajemi bang, na kwa njia ya bahari likafika kwetu. Padre Mreno João dos Santos, katika kitabu chake cha mwaka 1609, alikwisha kuitaja bangue ya kusini-mashariki mwa Afrika.

Lakini tukifika bara, jina hubadilika. Warundi husema urumogi. Huko Kasai, Kongo, Hermann von Wissmann na Paul Pogge walipofika mwaka 1881 waliwakuta wafuasi wa Kalamba Mukenge wakijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, ambao uvutaji wake ulikuwa ibada ya amani. Riamba wala urumogi havikutokana na bangi. Tulinganishe na vitu vilivyofika Burundi pamoja na majina yake: igitabu, isukari, icayi. Hata tumbaku, iliyotoka Amerika, Warundi huiita itabi, na sauti ya jina la kigeni ingali inasikika humo. Lau urumogi ungalitoka mikononi mwa wasafiri wa Ujiji katika karne ya 19, tungalitazamia jina lifuatane na mzigo.

Hoja hii haimtaji aliyepanda mbegu ya kwanza. Inatosha kuizuia lawama isiyo na ushahidi. Wala haiupambi mmea wenyewe. Mkutano wa Geneva wa 1925 na mkataba wa kimataifa wa 1961 viliuweka chini ya udhibiti, na sheria ya Burundi inaukataza. Mwalimu aweza kumfunza mwanafunzi yote mawili: kuiheshimu sheria, na kutomhukumu jirani kwa sababu ya neno alilolirithi.