Ngoma Ivumayo na Chombo Kisafiricho: Ala za Muziki katika Nyanda za Juu za Kigoma

Wahenga waliosema kwamba ngoma ivumayo haikawii kupasuka hawakukusudia ngozi wala mbao. Walimwonya mtu mwenye kujitapa. Hata hivyo, onyo lao lisingekuwa na nguvu lau lisingekuwa kweli kwanza kiwanjani. Ngozi hulegea kwa umande, hukakamaa kwa jua, na siku moja hutoboka mbele ya watu. Lisilosemwa katika methali ni yale yanayofuata. Ngoma iliyopasuka kijijini huwambwa upya, kwa kuwa ng'ombe yupo, mti upo, na mwenye kujua kuwamba ni jirani. Hali ni nyingine kwa chombo ambacho fundi wake yuko mwendo wa siku tatu, na vipuri vyake viko ng'ambo ya bahari. Tofauti hiyo imeamua mengi katika historia ya muziki wa Kasulu na Kibondo.

Watu wa visiwani wanaifahamu sehemu ya jambo hili kwa njia yao. Tangu Ikhwani Safaa iundwe Unguja mwaka 1905, wapigaji wa kanuni, udi na fidla wameishi na chumvi ya bahari na unyevu wa masika. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini na daraja lililokaa juu ya ngozi, huusikia mvuke wa hewa kabla ya mpigaji wake, na nusu ya kazi ya mpigaji huwa ni kuisawazisha. Lakini kwa muda mrefu taarabu ilikuwa na nyumba: klabu, ukumbi, harusi ya mtaa wa pili. Dansi la bara lilikula kwa kusafiri. Bendi iliyokaa mahali pamoja ilichokwa na wasikilizaji wake. Iliyosafiri ilijaza kumbi. Hivyo uzima wa bendi ulitegemea koo za waimbaji na vidole vya wapigaji, na pia uwezo wa masanduku yake kushuka kwenye lori yakiwa yanalia kama yalivyopanda.

Njia ya kufika nyanda za Buha haikuwa na huruma kwa masanduku. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, lakini ilipita kusini, kwa bonde la Malagarasi na Uvinza, ikaziacha Kasulu na Kibondo kando. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Nyanda hizi hupanda kupita mita 1,200. Aliyeshuka garini alibaki na safari ya lori juu ya udongo mwekundu: kuanzia Novemba hadi Aprili ni tope, kuanzia Juni ni vumbi jembamba kama unga, liingialo hata palipofungwa. Njia hiyo hiyo ndiyo waliyoishuka Waha kwa maelfu wakati wa ukoloni, wakienda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Serikali ya kikoloni iliitazama nchi yao kama ghala la nguvukazi, na nchi inayohesabiwa hivyo haijengewi barabara nzuri za kuingiza vitu.

Ala za kale za nyanda hizi zilikuwa zimeumbwa zikijua mahali pake. Inanga, inayopatikana Buha, Burundi na Rwanda, huchongwa kutoka gogo moja kama sinia refu. Uzi mmoja hupitishwa katika meno ya ncha zake, ukienda na kurudi mpaka unaonekana kuwa nyuzi nyingi. Ukikatika, mpigaji huufunga na kuendelea. Ngoma nazo zilikuwa na heshima ya dola. Kwa Kirundi, lugha ndugu ya Kiha, neno ingoma ni ngoma ya kupigwa na pia ni ufalme wenyewe. Mti unaopendelewa kuchongwa ngoma Burundi huitwa umuvugangoma, yaani mti uisemeshao ngoma. Katika tawala za Heru na Muhambwe, kama kwa majirani zao, chombo kilikaa karibu na watu waliokihifadhi, na watu hao walijulikana. Kuharibika kwake kulikuwa na mwenye kuwajibika.

Dansi lilipoenea mikoani katika miaka ya 1960 na 1970, uhusiano huo wa mtu na chombo ulibadilika. Magitaa ya umeme, amplifaya na vipaza sauti vilikuwa ghali kupita kipato cha mwanamuziki, na mara nyingi mwenye navyo alikuwa mwajiri. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ya mwaka 1971 ilikuwa ya vijana wa TANU. Mlimani Park ya mwaka 1978 ilianza chini ya shirika la teksi na usafirishaji kabla ya kuchukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Hata palipokuwa na mfanyabiashara badala ya shirika, jina lilisema ukweli: Super Matimila, bendi aliyoivumisha Remmy Ongala, ilibeba jina la tajiri mwenye vyombo. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na sauti yake tu. Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyepata sifa kubwa akiwa na Tabora Jazz, alikuwa wa kizazi hicho, ambacho tungo zake zilikuwa mali yake kwa moyo ilhali gitaa lilikuwa mali ya ofisi.

Jambo hili lina uzito katika kupima uimara wa chombo. Kitu cha ofisi hutengenezwa kwa barua. Amplifaya ikizimika mbali na makao makuu, aliye karibu hana idhini ya kuifungua, na mwenye idhini hayuko karibu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilipoadimika, hata barua haikusaidia: nyuzi za gitaa, valvu na transista vilikuwa miongoni mwa bidhaa ambazo taifa halikuwa na namna ya kuzipa kipaumbele mbele ya dawa na dizeli.

Dizeli yenyewe ilikuwa tatizo la pili. Mahali pasipo na gridi, sauti ya bendi huanzia katika jenereta. Umeme wa Tanzania umekusudiwa kuwa wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini jenereta dogo lililolemewa hushuka na kupanda kama mtu apandaye kilima na mzigo. Ala zenye mota ndizo zinazoumbuka kwanza. Kinanda cha Hammond, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 1935, hupata tuni yake kutokana na mzunguko wa umeme. Mizunguko 50 ikishuka kuwa 48, kinanda kizima huporomoka karibu robo tatu ya hatua iliyopo baina ya kitufe cheupe na cheusi cha jirani. Mtambo wa mwangwi wa utepe nao hubadili mwendo. Gitaa halimo katika balaa hilo: uzi wake ukishakazwa, tuni yake haiijui mota. Dansi la Tanzania lilisimama juu ya magitaa ya solo, rithim na besi, pamoja na tumba na ala za kupuliza, yaani juu ya vyombo ambavyo jenereta bovu laweza kuvinyamazisha lakini haliwezi kuvipotosha.

Ndipo ikaja raki. Fremu hii ya chuma yenye upana wa inchi 19, ambamo mitambo hupangwa mmoja juu ya mwingine kama makabati ya duka, haikubuniwa kwa ajili ya muziki. Asili yake ni rilei za ishara za reli na vyumba vya mitambo ya simu; kampuni ya AT&T ya Marekani iliifanya kuwa kipimo rasmi mnamo mwaka 1922, na hadi leo kila ngazi yake ina kimo cha inchi moja na robo tatu. Ilikuwa samani ya chumba kisichohama, chenye fundi wa zamu na ufunguo mlangoni. Amplifaya za transista kama Crown DC300 ya mwaka 1967, na baadaye mitambo ya dijitali ya mwangwi ya miaka ya 1980, ziliiingiza katika muziki. Kisha ikatiwa magurudumu na kasha, ikaambiwa isafiri.

Faida yake ni kubwa. Nyaya hubaki zimeunganishwa, na bendi huweza kuanza kazi muda mfupi baada ya kufika. Lakini uzito wa amplifaya, ambao mara nyingi huvuka kilo 20, huning'inia kwenye skrubu nne za mbele. Juu ya lami si kitu. Juu ya barabara yenye mawimbi ya udongo, kila wimbi huivuta amplifaya kwa masikio yake mpaka bati likunjike na kiungo cha lehemu kipate ufa usioonekana kwa macho. Vumbi huvutwa na feni na kutandazwa juu ya vyuma vya kupozea, navyo hushindwa kupoza. Tena mitambo yote hunywa umeme katika mlango mmoja: fyuzi moja ikikatika, ukumbi mzima hunyamaza. Bendi ya zamani, iliyobeba amplifaya tatu ndogo katika masanduku matatu, iliweza kupoteza moja na kumaliza usiku kwa mbili.

Aliyeikabili hali hii huku juu alikuwa fundi redio, yule wa kibanda cha sokoni. Baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, redio na kaseti ziliongezeka, na mafundi wakaongezeka nazo. Pasipo na umeme, fundi hupasha chuma cha kulehemu juu ya mkaa. Pasipo na kipuri, hukitoa katika redio iliyokufa. Bendi iliyofuata ushauri wa watengenezaji ilisubiri kipuri halisi. Iliyomwendea fundi ilicheza Jumamosi.

Mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Burundi mwezi Oktoba, nyanda hizi zilipokea umati wa wakimbizi. Na kuanzia 1996 Wakongo walitulia Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi za Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa na Mtendeli zikawa miji isiyo na ramani, na kila mji una wanamuziki wake. Hapo swali la safari liligeuka. Kwaya za Wakongo zilikuwa na vinanda na spika zilizoendeshwa kwa betri za gari. Warundi walikuwa na ngoma zao, zile ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na utekelezaji wake, mkimbizi asiye na kibali hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini. Vyombo vilikuwa vizima, barabara ndiyo iliyokatazwa. Katika uwanja huo uliofungwa, ngoma ndiyo iliyodumu kuliko vyote. Haikudai betri, na mikono iliyojua kuichonga ilikuwa imevuka mpaka pamoja na wenyewe.

Nje ya kambi, miaka ya 2000 ilileta jibu jingine. Wasanii wa kizazi kipya walifika mikoani na diski moja mfukoni, baadaye na kijiti cha kompyuta, wakaimba juu ya muziki uliokwisha rekodiwa Dar es Salaam. Wazee wa dansi waliwakejeli, na kejeli hiyo ina haki yake, kwa kuwa ajira za wapiga ala zilipotea. Haifai lakini kuona uvivu tu. Kwa mwandalizi wa onyesho aliyezijua barabara za Kibondo, diski ilikuwa chombo cha kwanza tangu inanga ambacho mtu mmoja aliweza kukibeba mwenyewe na kuwa na hakika nacho.

Sasa mengi yamebadilika. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kugharimia kilomita 260 za lami kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, na mwaka 2022 gridi ya taifa iliwasili, majenereta ya dizeli ya TANESCO yakazimwa. Raki yaweza kufika Kasulu bila skrubu kulegea. Hata hivyo, ufundi ulioibeba miaka yote hauna tena pa kushika. Transista ya mwaka 1975 ilikuwa na miguu mitatu iliyokamatika kwa koleo. Vipande vya leo ni vidogo kuliko punje ya ulezi, vimebandikwa na mashine, na chuma cha mkaani huviunguza. Mtambo wa kisasa huharibika kwa nadra, na ukiharibika hutupwa.

Historia za muziki wetu zimehifadhi majina ya watunzi na waimbaji, na ni haki yao. Jina la fundi redio halikuandikwa katika lebo ya santuri yoyote, ingawa usiku mwingi wa dansi ulifika alfajiri kwa sababu yake. Baadhi ya mafundi hao bado wanaishi Kasulu na Kibondo, wazee wenye makovu ya risasi vidoleni. Mwenye kutaka kuandika sura inayokosekana hana budi kuwaendea wakingali hai, kwa maana walichokijua hakikuandikwa popote.