Samaki Waliohema Alfajiri

Ufugaji wa samaki katika mabwawa ya kuchimba si jambo geni nchini kwetu. Wakoloni waliufanyia majaribio mwaka 1949 huko Korogwe na Malya, wakitumia perege. Mabwawa mengi yalichimbwa, na mengi yakaachwa. Mwaka 1967 Serikali iliendesha kampeni ya nchi nzima, nayo haikuzaa mengi. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, shule zikatakiwa kuwa na shamba, mifugo na, kwa waliothubutu, bwawa.

Mimi nilithubutu. Mwaka 1979 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi nje ya mji wa Dodoma. Wanafunzi walichimba, tukapandikiza perege. Kambale wachache waliingia wenyewe. Nilijua kuwa samadi huotesha chakula cha samaki, nikadhani samadi ikizidi, na samaki watazidi.

Mlinzi wetu, mzee wa Kigogo, alinijia alfajiri mbili mfululizo. "Mwalimu, samaki wanahema. Jua likipanda wanatulia." Nikamjibu kwamba samaki si mbuzi. Alfajiri ya tatu, mwezi Oktoba, perege wote walikuwa wameelea matumbo juu. Mbele ya kamati ya shule nilisema bwawa limetiwa utupa, na kwamba mlinzi ama alilala ama alishiriki. Akafukuzwa.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa chuo cha ualimu kuongeza masomo. Mkufunzi wa biolojia alitufundisha jinsi samaki anavyopumua, nami nikakaa kimya kipindi kizima. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 huweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu, na huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hata hizo hazifiki. Wakati huohuo joto huuhimiza mwili wa samaki, akahitaji hewa zaidi. Mchana mimea midogo ya majini hutoa oksijeni. Usiku nayo huitumia, pamoja na vijidudu vinavyoozesha samadi. Kwa hiyo alfajiri ndiyo saa ya dhiki. Perege hupanda juu kunyonya utando wa maji unaogusa hewa. Kambale ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa yenyewe, ndiyo maana wetu walibaki hai. Niliwaona siku ile wakiogelea, nisijiulize kwa nini. Na sumu gani ingekuja alfajiri na kuondoka mchana?

Siku hizi vijana wa Dodoma huniuliza juu ya mabwawa yao. Joto linaongezeka na maji hupungua mapema. Huwauliza kwanza: unawatazama samaki wako saa ngapi? Wengi huwatazama saa nne, wakiwa wameshastaftahi. Nawaambia waende saa kumi na moja, wapunguze samadi na idadi ya samaki kabla ya Oktoba, na kama maji ni ya shida, wafuge kambale.

Mwaka 1994 nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Alikuwa amekwisha kufariki. Wanawe walinikaribisha kigoda, nikawaeleza yote. Mkubwa wao aliuliza jambo moja tu: kama jina la baba yao lilikuwa bado katika kitabu cha kamati. Nikasema, ndiyo, limo, kwa mwandiko wangu.