Hija Ianzie Gaya

Anayepanga safari ya siku kadhaa kuzuru miji mitakatifu ya Wahindu na Wabuddha kaskazini mwa India kwa kawaida huambiwa aanzie Varanasi. Mji una jina, treni zinafika kutoka kila upande, na picha za ngazi zake za mawe zinazoteremka mpaka ndani ya Mto Ganga zimeenea dunia nzima. Mimi ningemshauri aanzie Gaya, katika jimbo la Bihar, kilomita zipatazo 250 kutoka Varanasi upande wa mashariki. Historia yenyewe ilielekea hivyo, kutoka Gaya kwenda Varanasi, tena kwa miguu. Na Gaya ndiko Wahindu na Wabuddha walikokanyaga udongo mmoja, kilima kimoja na hata kivuli cha mti mmoja kwa zaidi ya miaka elfu mbili, kila mmoja na nia yake.

Gaya ni mji wa vumbi, honi na vichochoro, uliokaa ukingoni mwa Mto Phalgu. Sehemu kubwa ya mwaka mto huu huwa mchanga mtupu na maji yake hupita chini kwa chini. Wahindu husimulia kwamba ni Sita, mkewe Rama, aliyeulaani. Kwa vizazi na vizazi mahujaji waliuchimba mchanga huo kwa mikono mpaka maji yatokeze. Tangu 2022 bwawa la mpira huyazuia maji mbele ya hekalu ili wasihangaike. Maji hayo ni ya kukandia. Hujaji, shuka nyeupe kiunoni, hukaa chini mbele ya kuhani, akakanda unga wa shayiri au wali pamoja na ufuta mweusi, akaufinyanga madonge madogo yanayojaa kiganjani. Kila donge ni la marehemu mmoja: baba, babu, baba wa babu, kisha upande wa mama. Jina hutajwa, donge likawekwa, maji yakamiminwa. Mtoto aliyemtolea mzazi wake sadaka hiyo Gaya huhesabiwa kuwa amelipa deni ambalo hakuna mahali pengine pa kulilipa kikamilifu namna hiyo.

Makuhani wa hapa, Wagayawal, wana madaftari ya nasaba yanayorithiwa ndani ya familia zao. Mgeni akitaja kijiji cha asili na ukoo wake, kuhani anayehusika na eneo hilo hufunua kurasa na kumwonyesha jina la babu yake aliyefika kabla yake. Msimu mkuu ni nusu mwezi ya Pitru Paksha, ambayo huangukia Septemba, pengine ikaingia Oktoba. Siku hizo mji hufurika, na asiyeweka chumba mapema atalala stesheni. Asiyekuja kwa ajili ya wafu wake namsihi achague wiki nyingine, si kwa sababu ya usumbufu tu, bali awapishe wenye shughuli yao.

Kitovu cha ibada hiyo ni hekalu la Vishnupad, la mawe yenye weusi, lililojengwa 1787 kwa amri ya Ahilyabai Holkar, malkia wa Indore. Ndani mna mwamba wenye alama inayoaminiwa kuwa unyayo wa Vishnu. Asiye Mhindu haruhusiwi kuufikia, na aheshimu hivyo bila ubishi. Badala yake apande kilima cha Brahmayoni, kusini ya mji. Wahindu hukizuru kama sehemu ya hija yao. Wabuddha wanakijua kwa jina la Gayasisa, mahali Buddha alipowahutubia wafuasi elfu moja waliokuwa wakiabudu moto, akawaeleza kwamba macho, masikio na nafsi nzima ya binadamu vinawaka kwa tamaa, chuki na ujinga. Kutoka juu unaona mji wote na ule mchanga mrefu wa Phalgu, na unaelewa kwa nini mtu atafutaye utulivu katika karne ya 5 KK angekuja huku: makuhani, watu wa zuhudi na wasaka ukweli walikuwa wamejaa tayari.

Bodh Gaya haiko mbali, kilomita zisizofika 15 kwa bajaji. Hapo, penye msitu ulioitwa Uruvela, Siddhartha, ambaye angekuja kuwa Buddha, alijinyima chakula miaka sita mpaka mbavu zikahesabika, akaona haimfikishi popote, akapokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akaketi chini ya mti. Wenzake watano waliokuwa wakimhudumia walimwona amelegea, wakamwacha. Mti ni wa jamii moja na mkuyu wetu, wenye majani ya umbo la moyo na ncha ndefu inayochezacheza hata pasipo upepo wa maana. Uliopo leo ni mjukuu wa mjukuu: mkongwe uliotangulia uliangushwa na dhoruba mwaka 1876, na Alexander Cunningham, mkuu wa idara ya mambo ya kale ya serikali ya Kiingereza, akaupanda huu 1881. Kando yake linasimama hekalu la Mahabodhi, mnara wa matofali wa mita 50 na ushei, wa karne ya 5 au ya 6, mahali ambapo Mfalme Ashoka alikuwa amejenga madhabahu ya kwanza katika karne ya 3 KK.

Mpango wa safari ukitoa saa moja tu kwa Bodh Gaya, ukatae. Pahitaji asubuhi nzima na jioni. Simu hairuhusiwi kuingia tangu mabomu yaliyolipuka hapo Julai 2013, na hiyo imekuwa baraka, maana watu wanatazama kwa macho yao. Watibeti husujudu juu ya mbao zilizolainishwa na viganja hadi zikang'aa, mamia ya mara kwa siku moja. Wasri Lanka huzunguka wamevaa nyeupe, mikono imejaa maua. Jani likianguka, watu kadhaa hulikimbilia kwa pamoja, kwa adabu lakini kwa haraka, kwa sababu kuchuma ni mwiko. Wamo pia Wahindu wenye madonge yao ya unga, kwani mti huu ni kimojawapo cha vituo vya ibada ya wafu ya Gaya, na Wahindu wengi humhesabu Buddha kuwa umbo la tisa la Vishnu.

Ukaribu huo umezaa pia ugomvi, na msafiri asiyeujua atapita juu ya historia bila kuiona. Ubuddha ulipofifia India kuanzia karne za 12 na 13, hekalu lilibaki na wageni wachache. Mwaka 1590 mtawa wa Kihindu mfuasi wa Shiva, Ghamandi Giri, aliweka makazi hapo, na wakuu wa monasteri yake wakawa ndio wenye ardhi na wenye hekalu kwa vizazi. Wafalme wa Burma ndio waliolikumbuka: walikuwa wametuma mafundi kulikarabati katika karne ya 11, kabla ya kufifia huko, wakatuma tena katika miaka ya 1870, kabla Cunningham na msaidizi wake Beglar hawajaikamilisha kazi.

Januari 1891 alifika kijana wa Colombo mwenye umri wa miaka 26, Anagarika Dharmapala. Alipoona jinsi mahali alipoamkia Buddha palivyotelekezwa, aliamua kubaki. Mwezi Mei mwaka huohuo aliunda Chama cha Maha Bodhi ili kulirudisha hekalu mikononi mwa Wabuddha. Mwaka 1895 alijaribu kuweka ndani sanamu ya Buddha kutoka Japani. Watu wa mkuu wa monasteri wakaiondoa, kesi ikafika hadi Mahakama Kuu ya Calcutta, na Dharmapala akashindwa. Hakuishi kuona sheria ya 1949, iliyokabidhi usimamizi kwa kamati ya Wahindu 4 na Wabuddha 4 chini ya mwenyekiti ambaye ni mkuu wa wilaya. Unesco ililiingiza hekalu katika urithi wa dunia 2002. Februari 2025 watawa walianza mgomo wa kula wakidai sheria hiyo ifutwe na Wabuddha waachiwe mahali pao.

Nawaelewa, na naona dai lao lina haki. Hakuna dini inayopenda kushika nusu tu ya usukani katika mahali pake patakatifu kuliko pote. Lakini ningesikitika sana kama ushindi wao ungemfukuza yule mjane wa Kihindu aliyekuja na donge lake la unga chini ya mti, kwa sababu naye yuko hapo kwa haki ya zamani. Msafiri amsikilize mtawa, kisha amsikilize kuhani.

Mti wenyewe umetembea mbali kuliko mabishano yote. Binti wa Ashoka, Sanghamitta, alipeleka tawi lake Anuradhapura, Sri Lanka, katika karne ya 3 KK, na mti uliotokana nalo unaishi hadi leo. Wasinhala waliokuja Dar es Salaam kufanya kazi mwanzoni mwa karne ya 20 walileta mche kutoka Anuradhapura, nao umekua katika hekalu lao katikati ya jiji. Msomaji wa Dar anaweza kuianza hija yake kwa kuusalimia huo kabla ya kukata tiketi.

Kutoka Bodh Gaya Buddha alikwenda kuwatafuta wale watano waliomsusa, waliokuwa wamehamia bustani ya paa karibu na Varanasi. Vitabu vya Wabuddha vinasimulia kwamba njiani alikutana na mtu wa zuhudi aitwaye Upaka, akaulizwa mwalimu wake ni nani. Akajibu hana mwalimu, ameamka mwenyewe. Upaka akatikisa kichwa, akasema huenda ikawa hivyo, akashika njia nyingine. Napenda kwamba wafuasi waliihifadhi habari hiyo: mtu wa kwanza kuusikia ujumbe hakushawishika. Simulizi jingine linasema alipofika Ganga hakuwa na nauli ya mtumbwi, na baada ya hapo Mfalme Bimbisara akawasamehe nauli watu wote wa zuhudi. Leo treni huimaliza njia ile kwa saa chache, ingawa Desemba na Januari ukungu huweza kuichelewesha nusu siku. Mwenye nafasi aipange safari Februari au Novemba.

Juu ya Varanasi yameandikwa mengi, nami sitayarudia. Mafungu ya ngazi zake za mtoni yanazidi 80. Mto hapo hugeuka ukatiririka kuelekea kaskazini, hivyo anayeoga alfajiri hulipokea jua usoni. Kwenye ngazi za Manikarnika maiti huchomwa usiku na mchana, na moto hutunzwa na jamii ya Wadom. Usipige picha hapo. Hekalu kuu la Shiva, Vishwanath, lilibomolewa kwa amri ya Aurangzeb 1669. Lililopo lilijengwa 1780 na Ahilyabai yuleyule wa Vishnupad, jirani kabisa na msikiti uliochukua nafasi ya lile la zamani. Mahakama zingali na mashauri juu ya kiwanja hicho.

Mtu mmoja wa Varanasi asisahauliwe. James Prinsep aliishi mjini humo miaka kumi kuanzia 1820, akiwa mpima madini wa kiwanda cha sarafu. Alichora ramani ya mji, akachora ngazi zake moja baada ya moja. Alipohamia Calcutta alishughulikia maandishi yaliyochongwa kwenye nguzo na miamba kote India, ambayo hakuna aliyekuwa akiweza kuyasoma, na mwaka 1837 akayafumbua. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mfalme mmoja akihimiza huruma. Kwa msaada wa kumbukumbu za lugha ya Kipali zilizohifadhiwa Sri Lanka, mfalme huyo alitambuliwa kuwa Ashoka. Bila kazi hiyo tungekuwa tunatembelea magofu yasiyo na wenyewe.

Na magofu hayo yako kilomita 10 tu kutoka mjini, Sarnath, kwenye bustani ile ya paa. Wale watano walikuwa wameapa kutosimama kumpokea mwenzao aliyevunja mfungo. Alipokaribia, mmoja akapokea bakuli lake, mwingine akamtandikia, mwingine akaleta maji ya miguu. Akawahutubia, na Ubuddha ukaanza. Stupa ya Dhamek, mnara wa ibada wa Wabuddha, ingali imesimama, nzito, zaidi ya mita 30 kwenda juu. Jirani yake, Dharmarajika, imebaki duara la matofali usawa wa ardhi. Mwaka 1794 Jagat Singh, ofisa wa mtawala wa Banaras, aliivunja ili apate matofali ya kujengea soko. Ndani wafanyakazi walikuta kasha la jiwe lenye kasha dogo, na ndani yake mifupa ya binadamu. Waliichukua wakaitupa katika Ganga.

Wabuddha hueleza habari hiyo kwa uchungu, na wana haki, kwa sababu huenda ilikuwa mifupa ya Buddha mwenyewe. Ila aliyetoka Gaya siku mbili zilizopita ataielewa vingine. Kwa watu wale, mfupa wa marehemu asiyejulikana ulistahili mto mtakatifu, na walimpa mgeni huyo heshima ambayo wangewapa baba zao. Habari ilimfikia Jonathan Duncan, mwakilishi wa Kiingereza mjini, akaiandikia jumuiya ya wasomi wa Calcutta. Hivyo ubomoaji uleule ndio uliowafanya wachunguzi kuanza kupatazama Sarnath. Cunningham alichimba hapo 1835. Mhandisi F. O. Oertel alichimba 1905, akaibua simba wanne wa mawe waliosimama mgongo kwa mgongo juu ya nguzo ya Ashoka, waking'aa kama waliosuguliwa jana. Januari 26, 1950 India iliwafanya nembo ya taifa. Wako katika jumba la makumbusho la Sarnath, ambalo hufungwa Ijumaa, kwa hiyo hesabu za siku zipigwe kuanzia hapo kurudi nyuma.

Mwenye siku zaidi aendelee kaskazini hadi Kushinagar, Buddha alikofia, na Lumbini alikozaliwa, ambako nguzo nyingine ya Ashoka ilitambuliwa 1896. Lumbini iko Nepal, na watu wengi huvukia mpaka wa Sunauli. Atokaye Kenya au Uganda abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ahakikishe viza yake ya India ni ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo atakwama upande wa pili.