Chura aliyepima mimba

Chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika hana ulimi na maisha yake karibu yote ni majini. Hata hivyo, kabla ya vijiti vya kupimia mimba kufika madukani, yeye ndiye aliyekuwa akiwatolea majibu wanawake wa Ulaya na Marekani.

Kisa kinaanzia Berlin, mwishoni mwa miaka ya 1920. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek waligundua kwamba mkojo wa mjamzito una homoni inayokomaza ovari za panya wachanga. Wakadhani inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo. Kumbe hutengenezwa na kondo la nyuma, na leo inaitwa hCG. Kipimo chao kilihitaji panya watano, siku kadhaa za kusubiri, na kisu. Mwaka 1931 Maurice Friedman wa Marekani akamtumia sungura. Naye alipasuliwa, mimba iwepo isiwepo.

Nafuu ilitoka Cape Town. Mwingereza Lancelot Hogben, aliyefundisha huko, alikuwa ameona kwamba chura jike akidungwa maji yaliyotolewa kwenye tezi ya chini ya ubongo wa ng'ombe hutaga mayai. Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein wa mji huohuo wakajaribu mkojo wa wajawazito. Mayai yakaonekana kabla ya siku kwisha, na chura akarudishwa majini, atumike tena baada ya wiki chache. Wenzake wakaanza kusafirishwa ng'ambo kwa maelfu.

Lakini majibu yalipita kwanza kwa daktari, na mwenye tumbo akaambiwa wa mwisho. Hilo ndilo lililomkera Margaret Crane, msanii aliyeajiriwa na kampuni ya dawa ya Organon, New Jersey, kubuni vifungashio vya vipodozi. Mwaka 1967 aliona maabarani mirija ya kupimia mimba ikiwa imepangwa juu ya kioo; wakati huo kemikali zilikwisha kuchukua nafasi ya chura. Akatengeneza kiboksi cha plastiki cha kutumia nyumbani. Wakubwa walisita, wakihofia kuwaudhi madaktari. Haki zake za hataza zilinunuliwa kwa dola 1, ambayo alisema hakuwahi kuiona. Wamarekani walianza kununua vipimo vya nyumbani mwaka 1977.

Kijiti cha siku hizi kinaisaka homoni ileile ya Berlin, na kinachothibitisha ni kwamba ipo, basi. Hakijui kama mimba imetunga nje ya kizazi, wala kama ni mimba zabibu, mimba isiyo ya kawaida ambayo hupandisha hCG kupita kiasi. Hata baadhi ya saratani za korodani hutoa homoni hiyo, ndiyo maana mwanamume anaweza kuonekana "mjamzito". Mistari miwili ikifuatana na damu au maumivu makali ya tumbo, usisubiri kununua kijiti cha pili: nenda hospitali siku hiyohiyo.