Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa

Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa ni fedha ambazo Serikali Kuu ya Tanzania huzipeleka halmashauri kwa ajili ya miradi iliyoibuliwa na wananchi. Utaratibu huu ulianza mwaka wa fedha 2004/05 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wahisani wengine. Kabla yake, fedha nyingi za maendeleo zilifika zikiwa zimekwisha kupangiwa kazi, na kijiji chenye kiu ya maji kingeweza kuletewa mradi wa barabara.

Fedha hizi hazikutolewa kwa barua ya maombi. Kila mwaka halmashauri ilipimwa: hesabu zimefungwa kwa wakati? Mkaguzi wa ndani yupo? Madiwani wanakaa vikao? Iliyofaulu ilipata mgao kwa vigezo vya idadi ya watu (asilimia 70), umaskini (20) na ukubwa wa eneo (10). Iliyoshindwa ilipewa fedha za kujenga uwezo tu, mpaka irekebishe dosari zake.

Chimbuko la mradi ni kijijini. Kwa mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wanakijiji hutaja walichonacho na kinachowakwamisha, kisha hupanga vipaumbele. Mpango hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, hupelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na hatimaye kwa baraza la madiwani. Likiamuliwa darasa, wananchi huchimba msingi, husomba mawe, mchanga na maji, na huinua boma mpaka kwenye lenta. Halmashauri huleta mbao, bati na misumari, na humlipa fundi wa kupaua.

Udhaifu mkubwa ni fedha kuchelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mgao ukifika Mei, masika imekwisha kulinyeshea boma lisilo na paa, na tofali za udongo zimemomonyoka. Hasara hiyo huwaangukia watu waliotoa jasho lao bure, na ni haki yao kukasirika. Mtendaji wa kijiji akiita msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, mwaka unaofuata, wengi hawatokei.

Taarifa ya mapato na matumizi hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kijiji na kusomwa katika mkutano mkuu, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mwanakijiji yeyote mtu mzima anaweza kusimama hapo akauliza bati ngapi zilinunuliwa na ziko wapi.