Kafi na Mateka: Kayaki mjini London, 1576–1932

Kiswahili cha pwani hutenganisha kasia na kafi. Mvuta kasia huketi akiipa mgongo njia yake, na kasia lenyewe limeegemea ubavu wa mashua. Mpiga kafi hutazama aendako, wala kafi halikushikizwa popote ila mikononi mwake. John MacGregor, wakili wa London, alipotaka mwaka 1866 kuwaeleza wasomaji wake kwa nini ameiacha mashua ya makasia, moja ya hoja zake ilikuwa hii hii: kwamba msafiri aone mbele. Mvuvi wa ngalawa angeshangaa kusikia kuwa jambo hilo lahitaji kitabu.

Hata hivyo historia ya kayaki mjini London haianzi na MacGregor. Wanaoandika kuhusu mchezo huu humwanza yeye kwa sababu aliacha vitabu, na aliyetangulia hakuacha hata jina. Mwaka 1576 Martin Frobisher, akitafuta njia ya bahari ya kufika China kwa upande wa kaskazini, alifika katika kisiwa kinachoitwa leo Baffin. Mabaharia wake watano walipotea huko. Frobisher akatikisa kengele ubavuni mwa merikebu. Mwinuiti mmoja akasogea na kayaki yake ili aipokee. Nahodha akamshika mkono, akamvuta yeye pamoja na chombo chake hadi sitahani. George Best, aliyeandika habari za safari hizo, anasimulia kwamba mtu yule alijing'ata ulimi kwa uchungu. Oktoba mwaka huo akafikishwa London, akawa kitu cha kutazamwa, na baada ya muda mfupi akafa.

Mwaka uliofuata Frobisher alirudi na wengine watatu: mwanamume Kalicho, mwanamke Arnaq, na mtoto wa mwanamke huyo, Nutaaq. Walishushwa Bristol. Kalicho alipewa kayaki, akaonyesha mtoni Avon, mbele ya wakubwa wa mji, jinsi ya kulenga bata kwa mkuki mwepesi bila chombo kupinduka. Yawezekana kabisa kwamba hayo ndiyo maonyesho ya kwanza ya kayaki yaliyoandikwa Uingereza, na aliyeyafanya alikuwa na majeraha ya kutekwa. Mwezi uliofuata Kalicho alikuwa amefariki, na Arnaq baada yake. Mtoto alipelekwa London, akaishi siku chache tu, akazikwa katika kanisa la St Olave, mtaa wa Hart.

Karibu miaka mia tatu ikapita. MacGregor, aliyezaliwa mwaka 1825, alikuwa na deni la zamani kwa bahari: akiwa mchanga wa wiki chache aliokolewa pamoja na wazazi wake katika merikebu Kent, iliyoteketea kwa moto katika Ghuba ya Biscay. Mwaka 1865 alimwagiza Searle, fundi mashua wa Lambeth, amjengee chombo cha mbao za mwaloni, sitaha ya mwerezi, urefu wa futi 15, uzito wa ratili 80, na kafi lenye bapa mbili. Akakiita Rob Roy. Umbo lake lilitokana na kayaki za kaskazini, ila ngozi ya sili ilibadilishwa kwa mbao, na jina likabadilishwa pia: MacGregor alisema “canoe”, na Waingereza wengi wakaendelea kusema hivyo kwa vizazi kadhaa. Jina la Wainuiti lilichelewa kurudi kuliko umbo lao.

Kupotea kwa ngozi si jambo dogo. Kayaki ya Greenland ilikuwa kiunzi cha mbao zilizookotwa ufukoni, kikavikwa ngozi zilizoshonwa na wanawake kwa mshono usiopitisha maji. Msomaji wa Lamu ataukumbuka mtepe, uliounganishwa kwa kamba za nazi bila msumari. James Hornell aliandika kuhusu mtepe mwaka 1941 katika jarida la wanahistoria wa bahari wa Uingereza. Wakati huo chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha kutoweka au kinakaribia. Vyombo viwili vya kushonwa, kila kimoja katika bahari yake, na vyote viwili maelezo yake mengi yamo katika maktaba za Uingereza.

MacGregor alisafiri peke yake katika mito ya Ulaya, kitabu chake kikapendwa sana, na mwaka 1866 wapenzi wa kafi wakakutana katika hoteli ya Star and Garter, Richmond, wakaanzisha chama. Mrithi wa ufalme akawa mkuu wake. Mwaka 1873 kikapata cheo cha “Royal”. Ni ajabu kidogo kwamba msafiri mpweke ndiye aliyezaa urafiki wa namna hii. Vijana wakaanza kusafiri wawili wawili: Robert Louis Stevenson na rafiki yake Walter Simpson walitoka Antwerp mwaka 1876 wakapitia mito na mifereji ya Ubelgiji na Ufaransa, na hadithi yao ikachapishwa London miaka miwili baadaye. Baridi, mvua na kulala vibaya, mambo ambayo mvuvi huyavumilia kwa ajili ya riziki, yakawa sehemu ya starehe. Isidhaniwe hata hivyo kwamba kuchezea bahari ni uvumbuzi wa Richmond. Wenye mashua za Lamu na ngalawa za Unguja hushindana pia, tena kwa kelele nyingi kuliko Waingereza.

Safari ya MacGregor inayostahili kusomwa upya ni ile ya Yordani. Mapema mwaka 1869, katika vinamasi vya Hula, wanakijiji Waarabu walimzingira, wakamnyanyua yeye akiwa ndani ya Rob Roy, wakambeba mabegani hadi hemani kwa shehe wao. Yeye akatoa chumvi, shehe akaionja akidhani ni sukari, na kwa hila hiyo akadai kwamba sasa wamekwisha kula chumvi pamoja. Akaachiliwa. Kitabu kilitoka mwaka huo huo, na tukio hilo limechorwa humo kama kichekesho. Mtu aliyenyanyuliwa na chombo chake mwaka 1576 hakuwa na chumvi iliyoeleweka na waliomteka, wala mchapishaji.

Mwanafunzi wa kweli wa Wainuiti alikuja baadaye. Gino Watkins, mzaliwa wa London, aliondoka bandari ya St Katharine Julai 1930 na wenzake kumi na watatu, kutafuta njia ya ndege kupitia Greenland. Bandari hiyo iko mwendo mfupi kwa miguu kutoka kaburi la Nutaaq. Huko Greenland ya mashariki Watkins na baadhi ya rafiki zake walikaa chini ya walimu wenyeji: wakapimiwa kayaki kwa miili yao, wakafundishwa kuwinda sili na kujipindua majini kisha kuinuka kwa nguvu ya kafi. Katika habari zote hizi, hapo ndipo Mwingereza anapoonekana akiomba kufundishwa.

Mwaka 1932 alirudi na watatu tu: Rymill, Riley na Chapman. Fedha zilikuwa haba, chakula kilipaswa kupatikana kwa uwindaji, na Watkins alizoea kutoka peke yake. Wanaosafiri kwa kayaki wakiwa kundi wanajua faida moja isiyo ya maneno: aliyepinduka na kushindwa kuinuka anaweza kushika pua ya chombo cha mwenzake. Tarehe 20 Agosti, katika ghuba yenye barafu, wenzake waliikuta kayaki yake ikielea. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mwili wake haukupatikana. Rymill, Riley na Chapman hawakurudi London. Walibaki Greenland majira yote ya baridi, wakaimaliza kazi, na waliendelea kuwinda kwa kayaki kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kupata nyama.