Miavuli Juu ya Stanleyville: Shambulio la Anga la Novemba 1964

Shambulio la anga, yaani mbinu ya kuwashusha askari kutoka angani katikati ya himaya ya adui badala ya kuwapitisha nchi kavu au majini, halikuwahi kutumika Usukuma. Katika eneo hilo la kusini mwa Ziwa Victoria, Vita Kuu ya Kwanza ilikuja kwa njia ya ziwa, kwani majeshi ya Uingereza yaliiteka Mwanza Julai 1916 baada ya kuteremka kutoka kwenye vyombo vya majini, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora. Mfano mkubwa ulio karibu unapatikana magharibi ya mbali ya Ziwa Victoria, katika mji wa Kongo uliokuwa ukiitwa Stanleyville, ambao tangu 1966 ni Kisangani.

Taifa lililotekeleza shambulio hilo, Ubelgiji, liliwahi kuonja uchungu wake. Tarehe 10 Mei 1940, Wajerumani walitua juu ya paa la ngome ya Eben-Emael kwa glaida, ambazo ni ndege zisizo na injini, huvutwa na ndege nyingine kwa kamba, kisha huachiliwa ziteleze kimya kimya hadi chini; askari wasiofika 90 waliipofusha ngome iliyokuwa na mamia ya walinzi, nayo ikasalimu amri kesho yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili glaida ilipitwa na wakati, lakini mwavuli ulibaki, na kikosi cha miavuli cha Ubelgiji, ambacho chimbuko lake ni wakimbizi wa kijeshi waliofunzwa Uingereza tangu 1942, kikaurithi ujuzi huo.

Agosti 1964, waasi waliojiita Simba, chini ya viongozi kama Christophe Gbenye na Gaston Soumialot, waliuteka Stanleyville, na baadaye wakawashika mateka mamia ya wageni ili kuizuia serikali ya Waziri Mkuu wa Kongo, Moïse Tshombe, isiwashambulie. Jomo Kenyatta wa Kenya, aliyeongoza kamati ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuhusu Kongo, alisimamia mazungumzo ya Nairobi kati ya balozi wa Marekani, William Attwood, na mjumbe wa waasi, Thomas Kanza. Mazungumzo hayo yalifanyika tarehe 23 Novemba, wakati askari wa miavuli wa Ubelgiji, chini ya Kanali Charles Laurent, wameshafika Kamina, kusini mwa Kongo, baada ya kusafirishwa na ndege za Marekani aina ya C-130 kupitia kisiwa cha Ascension. Ni vigumu kuamini kwamba meza ya Nairobi ilikuwa bado na uzito.

Alfajiri ya tarehe 24, askari 320 waliruka juu ya uwanja wa ndege wa Stanleyville, na kazi yao ya kwanza ikawa ya mikono: kuondoa mapipa na magari ambayo waasi walikuwa wameyatapanya kwenye njia ya kutulia ndege, ili wenzao waliobaki watue. Hapo ndipo udhaifu wa mbinu hii ulipo, maana askari wa mwavuli hufika na silaha nyepesi, kwa miguu, na mara nyingi hushuka mahali palipo wazi, mbali na shabaha yenyewe. Askari hao walipokuwa wakielekea mjini, mateka waliokuwa Hoteli Victoria walitolewa barabarani, wakaketishwa chini na kumiminiwa risasi. Zaidi ya 20 walikufa, akiwamo daktari mmisionari Paul Carlson, aliyepigwa risasi akiparamia ukuta.

Kwa hesabu ya Brussels na Washington, ambako wageni zaidi ya 1,600 walionekana wameokolewa, operesheni ilifaulu. Hesabu hiyo haikuwajumuisha wenyeji waliouawa, wengi na Simba kabla ya siku hiyo, na wengine na jeshi la serikali na mamluki walioingia mjini baada ya miavuli. Wabelgiji waliondoka Kongo kabla ya mwezi kwisha na kuliachia jeshi hilo na mamluki mji huo. Tanzania, ambayo jina lake lilikuwa bado jipya, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipeleka suala hilo Baraza la Usalama, ambalo tarehe 30 Desemba 1964 lilipitisha azimio namba 199, likitaka uingiliaji wa kigeni ukomeshwe na mamluki waondolewe Kongo.